Bahari Imepata Joto: Kutafuta Chanzo cha Mafuriko, Ukame na Matumbawe Meupe Mombasa

Mvua ikizidi Mombasa, jibu liko mdomoni mwa kila mtu: El Niño. Mvua ikikosa, El Niño. Samaki wakiadimika Nyali, matumbawe yakipauka Bamburi, ni El Niño hiyo hiyo. Jibu moja kwa kila swali halimsaidii nahodha anayetaka kujua kama aweke akiba ya mafuta, wala mwenye nyumba ya bondeni Kisauni anayejiuliza kama apandishe godoro na vyeti vya watoto juu ya kabati. Mwongozo huu unachukua dalili moja moja jinsi zinavyoonekana hapa pwani, kisha unaifuata hadi kwenye chanzo chake. Rai yangu ni hii: kabla hujaitazama Pasifiki, itazame Bahari ya Hindi, na kabla ya zote mbili tazama kalenda.

Bahari mbili, si moja

El Niño ni joto la Pasifiki. Kila baada ya miaka 2 hadi 7, maji ya juu ya katikati na mashariki mwa bahari hiyo, kando ya ikweta, hupata joto kupita kawaida, na hali hiyo hukaa miezi 9 hadi 12, pengine zaidi. Wataalamu huanza kuihesabu joto likipita wastani kwa nusu digrii ya Selisiasi na kudumu hapo kwa miezi. Upepo unaovuma kutoka mashariki hulegea, maji moto yaliyorundikana upande wa Indonesia husambaa kurudi mashariki, na mawingu ya mvua huyafuata. La Niña ni kinyume chake: upepo hukaza, maji moto hubanwa zaidi Indonesia.

Bahari ya Hindi nayo ina mwendo wake. Wanasayansi huuita dipoli ya Bahari ya Hindi. Walieleza habari zake waziwazi mwaka 1999, ingawa ulikuwepo tangu zamani. Ifikirie mizani ya sokoni Kongowea: sahani moja iko upande wetu wa Afrika Mashariki, ya pili iko Sumatra. Mwaka wa kawaida, Oktoba na Novemba, upepo wa ikweta huvuma baharini kutoka kwetu kwenda Sumatra. Hewa hupanda kule na kunyesha kule, halafu hushuka huku. Hewa inayoshuka haijengi mawingu mazito, ndiyo maana vuli yetu huwa ya kiasi. Dipoli ikiwa chanya, maji ya Sumatra hupoa, ya kwetu hupata joto, na upepo hugeuka ukatujia na unyevu wa bahari nzima. Ikiwa hasi, joto na mvua vyote huelemea Indonesia, na sisi hubaki na mawingu yasiyotoa kitu.

Jambo la kukumbuka ni muda wake. Dipoli huanza kujionyesha katikati ya mwaka, hufika kileleni kati ya Septemba na Novemba, na kaskazi ikishashika, hukatika. Kwa hiyo ni jambo la vuli. Haihusiki na mvua ya Mei.

Bahari hizi mbili husaidiana mara nyingi. El Niño huvuruga mzunguko wa hewa juu ya Indonesia, na hapo dipoli chanya hupata njia. Mwaka 1997 zilikuja pamoja, zote kwa nguvu. Mwaka 2023 pia. Lakini si lazima ziandamane. Mwaka 1961 dipoli ilituletea mafuriko bila El Niño kubwa Pasifiki, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Mwaka 2019 ilikuwa vivyo hivyo: Pasifiki ilikuwa imetulia, dipoli ikawa kali mno, na Kenya ikafurika kuanzia Oktoba. Aliyekuwa akisubiri habari za El Niño peke yake mwaka huo alikutwa hajajiandaa.

Dalili: vuli imepita kiasi na mtaa umejaa maji

Anza na tarehe. Ikiwa ni Oktoba hadi Desemba, na mvua nzito imeendelea wiki baada ya wiki, pwani na bara kwa pamoja, Tana imefurika na Garissa wanalia kama sisi, basi dipoli chanya ndiyo mshukiwa wa kwanza. Novemba 2023 ilikuwa hivyo hasa: Mombasa, Tana River, Garissa na Mandera kwa wakati mmoja. Ikiwa ni mvua ya usiku mmoja iliyojaza barabara moja, usiende mbali. Mji ulio kando ya bahari hupata mvua za aina hiyo bila bahari yoyote kupata joto lisilo la kawaida.

Kisha tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji ya Mombasa hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mitaro mingi ya mji humwaga maji yake kwenye mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini. Mvua kubwa ikipiga saa kumi jioni siku ya bamvua, mlango wa mtaro uko chini ya maji ya bahari, na maji ya mvua hayana pa kwenda. Mwaka wa dipoli chanya huongeza tatizo, kwa sababu maji yenye joto hutanuka na usawa wa bahari upande wetu hupanda kwa sentimita kadhaa juu ya kawaida.

Hapa pana kipimo ambacho mkazi yeyote anaweza kukifanya mlangoni kwake. Mtaa ukijaa jioni, kisha maji yakashuka yenyewe baada ya saa chache ingawa mvua bado inanyesha, bahari ndiyo iliyoziba mtaro. Weka jedwali la maji ukutani, lile wanalotumia wavuvi, na uhesabu siku za bamvua zilizobaki katika msimu. Hizo ndizo siku za kutoacha kitu sakafuni. Mtaa ukijaa hata saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa, bahari haina kosa. Mtaro umezibwa na mifuko na mchanga, au umejengewa juu, au haukuwahi kuchimbwa. Tatizo hilo linatibika kwa koleo, na wakati wa kudai litibiwe ni Agosti na Septemba, jua likiwa linawaka.

Kisima kiangalie mapema. Mitaa mingi yetu ina vyoo vya shimo na visima vya ndoo katika ardhi ile ile ya matumbawe, ambayo hupitisha maji kwa urahisi. Maji ya kisima yakipanda ghafla, yakabadilika rangi au yakaanza kunuka baada ya mafuriko, usingoje kipimo cha maabara. Chemsha, au tia klorini, ya kunywa na ya kuoshea mboga pia. Mvua za 1997 na 1998 zilifuatwa na kipindupindu katika sehemu nyingi za nchi.

Wafanyabiashara wa nyama wana la kwao. Homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya mwishoni mwa 1997 na tena mwishoni mwa 2006, mara zote mbili baada ya vuli iliyofurika. Mayai ya mbu wanaoieneza hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri maji yasimame. Ng'ombe na mbuzi wanaoliwa Mombasa hutoka maeneo hayo hayo. Ukisikia mifugo ya Garissa inaharibu mimba kwa wingi baada ya mafuriko, usichinje nyumbani mnyama asiyekaguliwa, na usishike damu au kondo kwa mikono mitupu.

Dalili: El Niño ilitangazwa, mvua haikuja

Hili ndilo lililowavunja watu moyo. Mwaka 2015 El Niño ya Pasifiki ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote zilizowahi kupimwa. Watu walikumbuka 1997 wakajiandaa kwa gharika. Mvua ilikuja, sehemu nyingine juu ya wastani, lakini gharika haikufika. Wengi wakasema wanahewa wamedanganya.

Hawakudanganya. Joto la Pasifiki lilikuwa kali, ila dipoli ya mwaka ule ilikuwa dhaifu, na mvua yetu ya vuli husikiliza zaidi bahari iliyo karibu. Ukisikia tangazo la El Niño, uliza swali la pili papo hapo: dipoli inasemaje? Kipimo chake ni tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi. Wataalamu wa Australia, ambao nao huathirika nayo, huihesabu kuwa chanya ikipita digrii 0.4 na kubaki hapo kwa wiki kadhaa.

Chanzo cha pili cha mkanganyiko ni namna tunavyosoma utabiri. Utabiri wa msimu hugawa mvua katika mafungu matatu: juu ya kawaida, karibu na kawaida, chini ya kawaida. Ukisomewa kwamba Mombasa ina asilimia 50 ya kupata mvua juu ya kawaida, maana yake si kwamba mvua itaongezeka kwa nusu. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi inayofanana na huu, mitano ilikuwa na mvua nyingi na mitano haikuwa nayo. Nahodha anaelewa hesabu hii bila shida, kwa sababu ndiyo anayoipiga kila alfajiri akitazama mawingu kabla ya kutoa chombo. Tatizo ni kwamba redioni husomwa fungu moja tu, lile kubwa.

Chanzo cha tatu ni mwezi wa kutangaza. Utabiri wa El Niño unaotolewa Machi, Aprili au Mei huwa na udhaifu unaojulikana, kwa sababu Pasifiki yenyewe hubadilika kwa urahisi wakati huo. Habari ya Aprili ni ya kuiandika kando. Ya Agosti ni ya kuifanyia kazi.

Dalili: vuli imekosa

Novemba imefika katikati, mahindi ya Kinango na Ganze yamekauka yakiwa kimo cha goti, na mjini joto halipumui. Washukiwa ni wawili: La Niña na dipoli hasi. Mwishoni mwa 2010 zilikuja kwa pamoja, na kufikia Julai 2011 njaa ilikuwa imetangazwa rasmi kusini mwa Somalia. Mwaka 2016 dipoli hasi ilikuwa kali, na ukame ukafuata mwaka 2017. Kisha La Niña ikajirudia miaka mitatu mfululizo kuanzia 2020. Misimu mitano ya mvua ikashindwa kwa kufuatana Kenya, Ethiopia na Somalia, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa takriban miaka 40.

Mombasa hatulimi sana, kwa hiyo ukame hutufikia kwa bei: maziwa, mchicha, unga, na mbuzi waliokonda. Bomba likikauka, usiamue upesi. Mji huu hunywa maji yanayotoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Sabaki, na visima vya Tiwi. Mzima hulishwa na mvua iliyozama kwenye Milima ya Chyulu, na chemchemi ya namna hiyo haikauki kwa vuli moja kukosa. Bomba lililokauka wiki ya kwanza ya ukame mara nyingi lina sababu nyingine: bomba limepasuka, au umeme wa pampu umekatika. Kisima chako cha uani kikianza kuwa na chumvi kuliko mwaka jana, hiyo ndiyo dalili ya ukame wa kweli. Maji yasiyo na chumvi ya chini ya ardhi yamepungua na ya bahari yanasogea ndani. Punguza kuchota, ukiongeza pampu utaivuta chumvi zaidi.

Ukame pia una maradhi yake, nasi huyasahau kwa kuwa tumezoea kuyahusisha na mafuriko. Mwaka 2004 chikungunya, homa ile inayofunga viungo mpaka mtu hawezi kushika kikombe, ilianza Lamu katika kipindi cha kiangazi kikali, kisha ikafika Mombasa. Mbu wake huzaa kwenye maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Watu walikuwa wamejaza mapipa na mitungi kwa sababu ya shida ya maji. Funika pipa, na ulisugue ndani kila wiki, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani.

Dalili: masika yamevurugika

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu chanzo si hiki tunachokizungumzia. Mvua za Machi hadi Mei hazina uhusiano wa kutegemewa na El Niño. Zinaongozwa na mambo ya muda mfupi: wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kando ya ikweta kwa siku 30 hadi 60, liitwalo Madden-Julian, vimbunga vya upande wa Msumbiji na Madagaska vinavyoweza kutuvutia unyevu au kutunyang'anya, na joto la bahari yetu wiki hizo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliitwa El Niño na watu wengi, na hali El Niño ilikuwa inaelekea ukingoni. Mwezi huo wa Mei Kimbunga Hidaya kilisogelea pwani ya Tanzania, jambo la nadra sana kwa vimbunga kuja karibu na ikweta kiasi hicho. Kwa masika, tegemea utabiri wa siku tano hadi saba, usitegemee wa miezi mitatu.

Dalili: matumbawe yamegeuka meupe

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo linalotambuliwa vibaya kuliko yote.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo humpa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa moto kwa digrii 1, na yakakaa hivyo kwa wiki nne hivi, ushirika huo huvunjika. Mnyama huitoa mimea ile, na mfupa mweupe wa chokaa huonekana kupitia nyama yake nyepesi. Bado yu hai, ila ana njaa. Maji yakipoa mapema, mimea hurudi. Joto likiendelea mara mbili ya muda huo, hufa kwa wingi.

Maji yetu hufika joto lake la juu Machi na Aprili, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijaingia, maleleji yale ambayo bahari hulala shwari na jua huchoma bila upepo wa kuyachanganya maji. Kwa kawaida hukaribia digrii 29 hivi. Mwaka unaofuata El Niño, Bahari ya Hindi nzima huwa imepokea joto la Pasifiki kwa kuchelewa miezi kadhaa, na hapo ndipo maji hupita mpaka. Kwa hiyo matumbawe hayapauki vuli ya El Niño, bali maleleji yanayofuata. Ilikuwa hivyo 1998, ikawa hivyo 2016, ikawa hivyo 2024. Mwaka 1998 miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa ambako hakuna anayevua. Hifadhi humzuia mvuvi, haizuii joto.

Sasa, kabla ya kusema ni joto, chunguza. Shuka pale wanapopelekwa wageni mbele ya Nyali na Bamburi, maji yakiwa yamekupwa na ni maangavu, ukatazame kwa karibu bila kugusa.

Weupe wa joto huenea eneo zima na hugusa jamii nyingi kwa pamoja. Matumbawe ya matawi hutangulia, yale makubwa ya duara huchelewa. Mengine, kabla ya kuwa meupe, hugeuka ya waridi, buluu au zambarau kali, rangi nzuri inayowadanganya wageni wakaipiga picha wakidhani ni afya. Ukikaribisha miwani utaona vishimo vidogo vidogo, na ndani ya kila kimoja mnyama bado yumo, mwembamba, anapitisha mwanga. Huyo ni hai.

Weupe ukiwa wa kipande kimoja tu, wenye mpaka mkali kati ya sehemu yenye rangi na sehemu tupu, na vishimo havina kitu ndani, basi nyama imeliwa. Mtafute kiti cha pweza mwenye miiba amejibanza chini ya jiwe, au konokono wadogo walioganda kwenye shina. Hilo halihusiani na joto.

Ukikuta weupe juu tu, karibu na mdomo wa mto au mkono wa bahari, baada ya mvua kubwa, chanzo ni maji ya mvua yasiyo na chumvi yaliyoelea juu. Ukikuta tumbawe la kahawia lenye vumbi, halina weupe lakini limekufa, matope ndiyo yaliyolifunika. Na ukikuta manyoya ya kijani na kahawia yameota juu ya mfupa, umechelewa. Limekufa wiki kadhaa zilizopita na mwani umelitwaa.

Joto lenyewe hatuwezi kulizima kutoka Mombasa. Tunachoweza ni kutoongeza jeraha la pili. Wenye boti wafunge kwenye maboya, wasitupe nanga juu ya mwamba. Juya, ambalo kisheria limepigwa marufuku, lisikokotwe kabisa miezi ile. Na tafi na pono waachwe kadiri inavyowezekana, kwa sababu wao ndio wanaokula mwani unaoziba nafasi ya matumbawe machanga. Najua ni kumwambia mvuvi aache kitoweo chake cha uhakika zaidi. Ndiyo maana tengefu za kijiji kama Kuruwitu zina maana: kijiji kinaamua pamoja wapi pafungwe, na samaki wanaofurika nje ya mpaka ni wa wanakijiji wenyewe.

Mikoko nayo ina hadithi yake. Mvua za 1997 na 1998 ziliteremsha matope mengi kutoka mashamba ya juu hadi Mwache, nyuma ya Mombasa, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa imesimama. Mizizi yake hupumua juu ya tope. Ikifukiwa, mti hukosa hewa. Ukiona mikoko imekauka baada ya vuli ya mafuriko, chimbua kidogo penye shina. Ukikuta mizizi ya kupumulia imezama kwenye udongo mpya, chanzo kiko mlimani, kwenye shamba lisilo na matuta.

Dalili: samaki hawaonekani

Habari inayosambaa ni kwamba El Niño huua samaki. Hiyo ni habari ya Peru. Kule, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini na kulisha dagaa wa kule. El Niño huyazuia, na dagaa huporomoka kama ilivyotokea 1972. Pwani ya Mombasa haina mpando wa maji wa namna hiyo, kwa hiyo tusichukue ugonjwa wa Peru tukajitibu sisi.

Kwetu, swali la kwanza ni la upepo. Ikiwa ni Juni au Julai, kusi imekaza, na ngalawa na madau hayatoki nje ya mwamba. Samaki wapo, hakuna wa kuwafuata. Ikiwa ni kaskazi, bahari imelala, vyombo vinatoka kila siku na bado jodari na nguru ni haba, hapo uliza habari za bahari. Jodari hupenda kula karibu na mpaka kati ya maji moto ya juu na maji baridi ya chini. Mwaka wa dipoli chanya, tabaka la maji moto upande wetu huwa nene, mpaka ule hushuka, rutuba hubaki chini, na samaki huzama au huhama. Mwaka 1998 meli kubwa za jodari zilihamia mashariki mwa Bahari ya Hindi, mbali na pwani yetu. Mvuvi wa mshipi anaweza kujaribu kushusha kina zaidi ya alichozoea. Mwenye jarife la juu hana la kufanya ila kubadili windo.

Samaki wa ndani ya mwamba wana mwendo mwingine. Baada ya matumbawe kufa, changu na tafi hawatoweki mwezi ule. Mifupa bado imesimama na maficho yapo, na tafi wanaweza hata kuongezeka kwa kuwa mwani umezidi. Pigo huja miaka baadaye, mifupa inapovunjika na mwamba kuwa tambarare. Kwa hiyo lema likirudi tupu leo, chanzo kinaweza kuwa joto la miaka mitano iliyopita, likiongezewa nyavu za matundu madogo za mwaka jana. Mvuvi mzee anayekumbuka mwamba ulivyokuwa ana habari ambayo chombo cha kupimia hakina, akaulizwe.

Mama karanga, yule anayekaanga samaki na kuwauza, huathirika kabla ya wote. Mwaka wa joto, samaki aliyetoka majini saa nne na kufika kwake saa saba bila barafu tayari macho yamezama na mashavu yamepoteza wekundu. Akiona samaki wa mtu yule yule wanaharibika mapema kuliko desturi, asibadili muuzaji kwanza. Aulize muda wa chombo baharini na kama barafu ilikuwepo.

Wakulima wa mwani wa Kibuyuni na Mkwiro: matawi yakigeuka meupe na laini kisha yakakatika, tazama kina. Kamba zilizo kwenye maji ya magotini hupata joto kali jua likiwa wima na maji yamekupwa. Zisogezwe penye kina. Ikiwa imetokea siku chache baada ya mvua kubwa, ni chumvi iliyopungua. Vuna kilicho kizima upesi.

Nani wa kuuliza, na lini

Mwishoni mwa Agosti kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, hutoa utabiri wa vuli kwa nchi zote za Pembe ya Afrika. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hufuata na wa kwake, kaunti kwa kaunti. Soma mafungu yote matatu, na utafute neno kuhusu dipoli. Oktoba ikianza, hamia kwenye utabiri wa siku chache na jedwali la maji, ukivitazama pamoja.

Na vuli ikiisha, ikiwa ulikuwa mwaka wa El Niño, kazi haijaisha kwa wenye boti na wapiga mbizi. Kuanzia Februari, andika joto la maji kila mnaposhuka, kina na mahali. Likikaa karibu na digrii 30 au zaidi wiki baada ya wiki, wapelekee taarifa Shirika la Wanyamapori linalosimamia hifadhi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi pale Mkomani, pamoja na picha zenye tarehe. Picha ya tumbawe lile lile, iliyopigwa upande ule ule kila wiki hadi Juni, ndiyo inayoonyesha lipi lilipauka likapona na lipi lilikufa, na ni kutokana na yale yaliyopona ndipo watu wa kupandikiza matumbawe huchagua mbegu.